Shajara ya mradi: choo bora na udumavu, tasnifu ya uzamili wa epidemiolojia ndani ya miezi 12

Swali la mradi: je, mtoto wa chini ya miaka mitano ambaye kaya yao ina choo bora, tena cha kwao peke yao, ana uwezekano mdogo wa kudumaa? Eneo ni Tanzania nzima, Bara na Zanzibar. Data ni za TDHS-MIS 2022, utafiti wa kaya wa kitaifa kuhusu demografia, afya na malaria, ulio chini ya programu ya kimataifa ya DHS. Masomo ni ya uzamili wa mwaka mmoja kwa utaratibu wa vyuo vya Uingereza, Septemba hadi Septemba. Kazi inafanyika kwenye programu ya takwimu ya Stata, na nyingine, R, inatumika kuhakiki. Matokeo yenyewe yatakaa kwenye tasnifu. Humu ni kazi tu: kilichofanyika, kinachokwamisha na sababu yake.

Oktoba. Data kwanza

Vitabu vinasema anza na swali, kisha tafuta data. Kwenye kozi ya miezi 12 mpangilio huo hauna nafasi. Mihula miwili ya masomo inakwisha Machi, mitihani inafuata, na tasnifu inakabidhiwa mwanzoni mwa Septemba. Ukitoa mitihani, zinabaki wiki kama 12 za kazi ya kutwa.

Wazo la kukusanya data wenyewe lilipigiwa hesabu ili msimamizi aone kwa nini limeachwa. Kwa kiwango kinachokisiwa kuwa nusu, usahihi wa pointi 5 na uhakika wa asilimia 95, sampuli ya kuanzia ni watoto 385. Kwa kuwa watoto watachaguliwa kwa klasta (makundi ya kaya za eneo moja, ambazo hufanana), zidisha kwa 2: 770. Gawanya kwa 0.9 kufidia asilimia 10 watakaokosekana: 856. Na hiyo inatosha kukisia kiwango kimoja tu; kulinganisha makundi mawili kunataka hesabu nyingine. Halafu kuna vibali: kamati ya maadili ya NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa), ya Zanzibar ukivuka bahari, COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia) kama mtafiti ni mgeni, kisha barua za mkoa, wilaya na kata. Hakuna majira ya joto ya Uingereza yanayotosha kwa hayo yote.

TDHS-MIS 2022 ilichagua klasta 629, kila moja kaya 26, jumla 16,354, na ikahoji kaya 15,705 katika mikoa yote 31. Watoto wamepimwa urefu, choo kimeulizwa, elimu ya mama imo. Swali likatungwa kutokana na kilichomo.

Ombi la data kwa programu ya DHS linataka kichwa cha mradi, aya moja au mbili za maelezo, na majina ya watafiti wenza wote. Hilo la mwisho watu hulipuuza. Data haziruhusiwi kupitishwa kwa mtu asiyetajwa kwenye ombi, hata kama mnasoma darasa moja. Mahali klasta zilipo huombwa peke yake, nasi hatukuomba: pointi za mjini zimesogezwa makusudi hadi kilomita 2, za vijijini hadi 5, na asilimia 1 ya za vijijini hadi 10. Anayetaka kupima umbali wa kisima kwa ramani hiyo anapima hewa.

Ukipata ruhusa, pakua kila kitu siku hiyohiyo: faili la wanakaya, la kaya, la wanawake na la watoto, pamoja na dodoso, mwongozo wa misimbo na ripoti kamili. Februari 2025, Marekani iliposimamisha fedha za USAID, programu ya DHS ilisimama na maombi mapya ya data yakakaa bila kushughulikiwa. Mwanafunzi wa miaka miwili angeweza kusubiri. Wa mwaka mmoja hana muda huo, kwa hiyo andika tangu Oktoba data mbadala ni zipi. Sisi tuliandika MICS, tafiti za kaya za UNICEF.

Data hazina majina ya watu, lakini chuo bado kinataka fomu ya maadili. Ipeleke mapema. Ni fupi, ila kamati hukutana kwa ratiba yake.

Novemba. Mchoro wa mishale

Kabla ya kugusa Stata tulichora visababishi kwa mishale kwenye karatasi moja: choo upande wa kushoto, udumavu kulia, na kila kinachogusa vyote viwili juu yake. Umaskini, elimu ya mama, mjini au kijijini, mkoa na ukubwa wa kaya vinaingia kama vipotoshi, yaani vitu vinavyoweza kuleta uhusiano wa uongo kati ya choo na udumavu. Umri wa mtoto hauamui kaya ina choo gani, lakini unaamua sana udumavu, basi unaingia kuongeza usahihi.

Kuharisha kumekaa katikati ya njia: choo kibovu huleta kuharisha, na kuharisha mara kwa mara hudumaza. Ukirekebisha kwa kuharisha, yaani ukilinganisha watoto wenye hali sawa ya kuharisha tu, unafuta sehemu ya athari unayoitafuta. Isitoshe, dodoso linauliza kuharisha kwa wiki mbili zilizopita tu, wakati udumavu hujengeka kwa miezi mingi. Kuharisha kumeondolewa.

Mtego mkubwa wa mradi huu uko kwenye kipimo cha utajiri. Kigeu (safu ya data) cha hv270 kinagawa kaya katika makundi matano, na karibu kila mtu hukichukua kama kilivyo. Tatizo ni kwamba aina ya choo na chanzo cha maji ni miongoni mwa vitu vilivyotumika kukitengeneza. Ukiweka choo na hv270 kwenye modeli moja, choo kinarekebishwa kwa choo, na athari inasogea kuelekea sifuri kwa sababu ambayo haihusiani na afya ya mtoto. Tuliamua kuunda kipimo chetu bila choo wala maji.

Januari. Kwanza toa 30

Kanuni ya mradi: hakuna jedwali linalotengenezwa mpaka msimbo wetu utoe kiwango rasmi cha udumavu. Ripoti ya 2022 inasema asilimia 30 (2015-16 ilikuwa 34, na 2010 ilikuwa 42). Namba isipotoka, kuna kitu hatujaelewa kwenye data, na kitaharibu kila kinachofuata.

Faili ni la wanakaya. Mistari inayofanya kazi ni miwili (hv005 ni uzito wa sampuli):

gen wt = hv005/1000000
gen kudumaa = hc70 < -200 if hc70 < 9990 & hv103 == 1

Kigeu cha hc70 ni urefu kwa umri kwa viwango vya WHO vya 2006, kikiwa kimezidishwa kwa 100, kwa hiyo -200 ni mikengeuko sanifu miwili chini ya kipimo cha kati (median) cha viwango hivyo. Namba zinazozidi 9990 si vipimo. Ni misimbo ya kusema urefu au umri haukubaliki, au kipimo hakipo.

Namba ikikataa kutoka, tafuta kwa mpangilio huu.

Kiwango kimetoka chini mno: sharti la 9990 limesahaulika. Mtoto mwenye 9998 si mdogo kuliko -200, hivyo Stata inamhesabu kuwa hajadumaa. Hata nafasi tupu Stata huiona kuwa namba kubwa kuliko zote, nayo inageuka kuwa "hajadumaa". R huiacha tupu. Ndiyo maana msimbo uleule ukiandikwa kwa lugha mbili unaweza kutoa majibu mawili, na ndiyo faida ya kuhakiki kwa R.

Kiwango kimekaribia lakini si chenyewe: angalia faili. La watoto lina wale tu ambao mama zao walihojiwa. Mtoto anayelelewa na bibi hayumo, wakati ripoti inamhesabu. Kisha angalia hv103, ambayo inabakiza waliolala kwenye kaya usiku uliotangulia, wageni wakiwemo.

Kiwango kimepotoka bila mpangilio: uzito wa sampuli haujatumika. Mikoa midogo, hasa ya Zanzibar, ilichukuliwa kaya nyingi kuliko sehemu yake ya watu ili iwe na takwimu zake yenyewe. Bila uzito, mikoa hiyo inasema kwa sauti isiyo yake.

Jumla ya kitaifa ikitoka, linganisha na jedwali la mikoa pia. Makosa mawili yanayofutana kwenye jumla hayawezi kufutana kwenye mikoa 31.

Februari. Choo, na ubora wa vipimo

Hv205, yaani aina ya choo, imegawanywa katika makundi manne kwa msaada wa hv225, inayouliza kama choo kinachangiwa: choo bora cha kaya peke yake, choo bora cha kuchangia, choo duni, na wasio na choo kabisa. Choo cha shimo chenye sakafu kinaingia kwenye bora, kisicho na sakafu ni duni. Kila nchi huongeza misimbo yake, kwa hiyo orodhesha majibu yote ya 2022 kabla ya kugawa. Usinakili mgawanyo wa utafiti wa nyuma.

Hapa kuna shimo ambalo tasnifu nyingi hutumbukia. Kaya isiyo na choo haiulizwi kama inachangia, hivyo hv225 yake ni tupu. Ukitoa mistari yenye nafasi tupu kwa amri moja, umewafuta wanaojisaidia vichakani wote, yaani kundi lenye hali mbaya kuliko yote, na Stata haitakwambia neno. Weka kundi la wasio na choo kwanza kwa hv205, ndipo uguse hv225.

Kipimo kipya cha utajiri: kimejengwa kwa uchambuzi wa viambajengo vikuu (njia ya kukusanya vigeu vingi kuwa alama moja) juu ya umeme, redio, simu, baiskeli, pikipiki, aina ya paa, kuta na sakafu, na mifugo. Ujengwe kwenye faili la kaya, mstari mmoja kwa kaya. Ukiujenga kwenye faili la wanakaya, kaya ya watu kumi inahesabiwa mara kumi na kipimo kinavutwa na kaya kubwa. Ukimaliza, linganisha wastani wa alama za wenye umeme na wasio nao, maana kiambajengo cha kwanza hutokea kikiwa kimegeuka, tajiri akawa na alama hasi. Sakafu ya udongo ni jambo la kubishaniwa: ni dalili ya umaskini, na pia ni mahali mtoto anapotambaa na kula uchafu. Imebaki, na modeli itarudiwa bila hiyo.

Ubora wa vipimo ulikaguliwa kwa njia tatu. Mkengeuko sanifu wa urefu kwa umri: kwa WHO, data nzuri hukaa kati ya 1.10 na 1.30, na ukizidi sana, shuku makosa ya kupima au ya umri. Umri kwa miezi: chora grafu ya nguzo uone kama watoto wamerundikana kwenye 12, 24, 36 na 48, kwa sababu mzazi asiye na cheti hutaja miaka mizima. Na mkao: walio chini ya miezi 24 hupimwa wamelala, wengine wamesimama. Mtoto yuleyule akilazwa huzidi kwa kama sentimita 0.7, kwa hiyo mkao usiolingana na umri lazima uwe umesahihishwa.

Machi. Mpango unafungwa

Mpango wa uchambuzi umeandikwa, umesainiwa na msimamizi, na haubadilishwi baada ya kuona matokeo. Nyongeza yoyote itatajwa kuwa nyongeza.

Mjadala mrefu ulikuwa juu ya kipimo cha uhusiano. Mazoea ni rigresheni ya lojistiki na uwiano wa odi (odi ni walio na tatizo kugawanya kwa wasio nalo). Kwa ugonjwa adimu, odi na viwango vinakaribiana. Udumavu wa asilimia 30 si adimu. Chukua mfano wa kubuni: wasio na choo wamedumaa asilimia 40, wenye choo asilimia 25. Uwiano wa viwango ni 40 kwa 25, yaani 1.6. Odi ni 40/60 kwa 25/75, uwiano wake 2.0. Msomaji wa wizarani akiona 2.0 atasema hatari ni mara mbili, na hapo atakuwa amedanganywa na hesabu iliyo sahihi.

Tumechagua uwiano wa viwango kwa rigresheni ya Poisson yenye makosa sanifu imara. Modeli ya log-binomial, ambayo nayo hutoa uwiano wa viwango, ndiyo ingekuwa ya kwanza kwa nadharia, ila ikiwekewa mikoa 31 na vigeu vingine huzunguka bila kufikia jibu. Poisson hufika.

Aprili na Mei

Mitihani. Mradi umegandishwa kwa makusudi. Kilichofanyika ni kuandika sura ya mbinu, ambayo haihitaji matokeo na ndiyo rahisi kuandika wakati mpango bado mbichi kichwani.

Juni. Modeli

Mpangilio wa sampuli:

svyset hv021 [pw=wt], strata(hv023) singleunit(centered)

Hapa hv021 ni klasta na hv023 ni tabaka, yaani kundi la maeneo ambalo klasta huchaguliwa ndani yake. Tabaka likisalia na klasta moja, Stata hukataa kutoa makosa sanifu na kuacha nukta tu. Singleunit(centered) inatatua hilo, na kwenye R kinacholingana nayo ni survey.lonely.psu iliyowekwa "adjust". Usipolinganisha chaguo hizi mbili utatafuta tofauti ndogo ya mipaka ya uhakika mpaka kuche. Kuhusu matabaka, soma kiambatisho cha sampuli kwenye ripoti uthibitishe ni kigeu kipi kinachoyashika. Katika nchi tofauti hv022 na hv023 hazina maana ileile.

Watoto wanaochambuliwa wanachaguliwa kwa subpop (chaguo la Stata la kuchambua kundi dogo ndani ya sampuli nzima), hawafutwi kwenye faili. Ukifuta, klasta zisizo na mtoto aliyepimwa hupotea, programu inadhani hazikuwahi kuchaguliwa, na makosa sanifu yanatoka yasiyo sahihi.

Umri umeingizwa kwa mkunjo, maana udumavu hauongezeki kwa mstari ulionyooka: hupanda haraka kuanzia miezi 6 hadi karibu miaka miwili, halafu hutulia au kushuka. Anayeweka miezi kama namba moja tu analazimisha mstari pasipo na mstari.

Modeli zimekwenda kwa hatua: choo peke yake, kisha umri na jinsia, kisha makazi na mkoa, kisha elimu ya mama na utajiri. Watoto ni walewale kwenye kila hatua. Bila hivyo, mabadiliko ya uwiano yanaweza kuwa yametokana na watoto waliodondoka kwa kukosa taarifa, wala si marekebisho.

Nyongeza iliyokuwemo kwenye mpango: choo cha majirani. Kinyesi cha jirani hakiulizi mpaka wa kiwanja, hivyo kila kaya imepewa asilimia ya kaya nyingine za klasta yake zenye choo bora, yenyewe ikiwa imetolewa kwenye hesabu. Kati ya kaya 26 unabaki na 25 au pungufu. Ukisahau kuitoa kaya yenyewe, choo chake kinaingia mara mbili.

Julai. Jaribio la kuudhi

Je, marekebisho ya umaskini yanatosha? Kipimo tulichotumia ni urefu wa mama. Choo cha nyumbani leo hakiwezi kuwa kimebadilisha urefu wa mwanamke mzima. Basi rudia modeli ileile, matokeo yakiwa ni urefu wa mama. Ikionyesha kwamba wenye choo bora wana mama warefu zaidi hata baada ya marekebisho yote, kuna umaskini wa tangu utotoni ambao modeli haijaukamata, na sehemu ya uhusiano wa choo na mtoto ni ya umaskini huo. Msimamizi yeyote makini atauliza swali hili. Ni bora liwe na jibu kwenye tasnifu.

Kazi yenyewe ilikwama kwenye kuunganisha mafaili. Urefu wa mama, v438, uko faili la wanawake, ambalo lina vigeu vingi kuliko 2,048, kikomo cha Stata/BE. Toleo hilo halilifungui faili zima. Taja vigeu unavyotaka kwenye amri ya use na ufungue hivyo tu. Kuunganisha ni kwa klasta, kaya na namba ya mstari: kwa mtoto mstari wa mama ni hc60, kwa mama mwenyewe ni v003. Muungano ni wa wengi kwa mmoja, kwani mama mmoja anaweza kuwa na watoto watatu waliopimwa. Wasiopata mama ni wale ambao mama hayupo kwenye kaya au hakuhojiwa. Wahesabu na uwaripoti.

Agosti. Kuandika

STROBE, orodha ya mambo ya kuripoti kwenye tafiti za uchunguzi, ina vipengele 22. Imejazwa kabla ya rasimu ya mwisho, na kila kipengele kina namba ya ukurasa. Kinachokosekana mara nyingi ni mchoro wa watoto wangapi walitoka wapi na kwa nini.

Jedwali la modeli linaonyesha uwiano wa choo peke yake. Elimu, utajiri na mkoa vimetajwa chini ya jedwali kuwa vimerekebishwa, bila namba zao. Mchoro wa mishale ulichorwa kwa ajili ya choo. Namba ya elimu ndani ya modeli hiyo ni mabaki baada ya njia zake nyingine kuzibwa, na mtu akiisoma kama "athari ya elimu" anasoma kitu ambacho hakikupimwa.

Sura ya mjadala haikwepi majaribio yaliyogawa vyoo, maji na unawaji kwa makundi yaliyopangwa kwa bahati nasibu. WASH Benefits nchini Kenya, lililofanyika Bungoma, Kakamega na Vihiga, na lenzake la Bangladesh, yalitoa matokeo 2018; SHINE la Zimbabwe likafuata 2019. Yote matatu hayakuona vyoo, maji na unawaji vikiongeza urefu wa watoto. Kwa hiyo uhusiano wowote kwenye data za siku moja kama zetu unaanza ukiwa na mzigo wa kuthibitisha, na aya ya kwanza ya mjadala inasema hivyo. Hoja ya upande wa pili nayo ina uzito: majaribio hayo yaliwapa kaya vyoo vya shimo vilivyoboreshwa, hayakubadilisha kijiji kizima, na hapo ndipo asilimia ya majirani inapopata kazi.

Folda ya mwisho ina misimbo mitano iliyopangwa kwa namba: kusafisha, kipimo cha utajiri, 30, modeli, majedwali. Msimbo wa kuu unaiita yote kwa zamu na unaanza na version ya Stata iliyotumika. Umeendeshwa kwenye kompyuta nyingine iliyo tupu, ya mtu aliyetajwa kwenye ombi la data. Data zenyewe hazimo kwenye folda inayokabidhiwa. Zimeachwa kwenye diski iliyofungwa kwa nywila, na ndani ya folda kuna maelezo ya mafaili yapi ya DHS yaombwe na yawekwe wapi ili msimbo ukimbie.